Muhuri wa kibali si ridhaa ya mtu: vyuo vyetu vikuu vifundishe nini?

Nianze na jambo lililotokea sebuleni kwangu hapa Mirdif, mtaa huu wa Dubai ulio karibu na uwanja wa ndege, ambao wakaazi wake tumeshazoea kunyamaza katikati ya mazungumzo mpaka ndege ipite.

Mtoto wa dada yangu anasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa hapa Dubai. Alinijia Ijumaa moja baada ya sala, uso umemkunjuka kwa furaha, kwa sababu chuo kilikuwa kimeupitisha utafiti wake. Anataka kujua habari za usingizi na afya za wafanyakazi wa ndani waliotoka Kenya, Uganda na kwetu Tanzania. Mkononi alikuwa na karatasi za aina mbili. Ya kwanza ni cheti cha mafunzo ya maadili ya utafiti, alichokipata kwa kukaa mbele ya kompyuta jioni moja akibonyeza majibu. Ya pili ni fomu ya ridhaa, kurasa nne za Kiingereza. "Mjomba," akaniambia, "naomba unisaidie kuiweka kwa Kiswahili. Jumatatu naanza."

Tukaanza. Hatukufika mbali. Fomu inasema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila ya kupewa adhabu. Nikamwambia, mwanangu, mtu wa kwetu akisikia neno adhabu kabla hajafanya lolote atajiuliza ni nani aliyetaja adhabu, na kwa nini. Fomu inasema majibu yake yatakuwa siri. Kwetu ukimwambia mtu usiyemjua kwamba hii ni siri yangu na wewe, hapo ndipo atakapoanza kukuogopa. Fomu inasema washiriki watateuliwa kwa bahati nasibu. Bahati nasibu kwa wengi wetu ni mchezo wa pesa, mtu atauliza zawadi ni kiasi gani.

Lakini hayo ni ya lugha, na ya lugha yana dawa. Lililonikalisha kitako ni jingine. Nilimwuliza, "Na hawa kina dada utawapata vipi?" Akanijibu kwamba ataomba ruhusa kwa wenye nyumba, na majirani zangu watatu walikuwa wameshamkubalia. Nikamwuliza tena, "Tajiri akimwita dada kutoka jikoni, akamwambia njoo umjibu mgeni huyu maswali yake, huyo dada ana uwezo wa kusema sitaki?"

Akanyamaza. Safari hii hapakuwa na ndege.

Naomba nieleweke. Binti huyu si mzembe, na mtihani wa kile cheti aliufaulu vizuri. Aliweza kunisimulia habari ya Tuskegee kule Alabama, jinsi idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani ilivyowafuatilia wanaume weusi 600 kuanzia 1932 hadi 1972, kati yao 399 wakiwa na kaswende, wasiambiwe ukweli wa ugonjwa wao wala kutibiwa hata pale penisilini ilipokwisha kuwa dawa ya kawaida. Alizijua Kanuni za Nuremberg za 1947 na Tamko la Helsinki la 1964. Ya Alabama aliyajua, ya jikoni kwa jirani yangu hakuyajua. Na waliompa cheti hawakumwuliza hayo ya jikoni.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Siku hizi vyuo vingi, huku ugenini na kule nyumbani, vinajenga kile kinachoitwa elimu ya maadili na taratibu za utafiti. Ni elimu pana. Ndani yake mna ridhaa ya washiriki, utunzaji wa habari zao, sampuli za damu na ziende wapi, takwimu za kubuni, kuiba maandishi ya mwenzako, na hata ugomvi wa nani aandikwe jina kwenye makala na nani asahauliwe. Ni jambo jema na limechelewa. Hofu yangu ni kwamba tunajenga mashine ya kutoa vyeti na mihuri, na mwanafunzi anatoka humo akidhani kwamba akishapata kibali basi amekwisha kupata ridhaa. Kibali hutolewa na ofisi. Ridhaa hutolewa na mtu. Wa Pwani tunajua kwamba ridhaa na radhi ni neno moja lililozaa mawili, na radhi hapokei mtu mwingine kwa niaba yako.

Na nyumbani je? Huwezi kusema hatuna vyombo. Tanzania ilikuwa na Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi tangu 1968, na jina lake la mkato lilikuwa neno la Kiswahili kabisa, UTAFITI. Sheria ya 1986 ikaleta mahali pake Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kwa utafiti wa afya ya binadamu ipo NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Wakenya wana NACOSTI chini ya sheria yao ya 2013, Waganda wana Baraza lao la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mtu aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ataikumbuka ile barua iliyobandikwa nyuma ya tasnifu nyingi, yenye kutaja waraka wa serikali wa tarehe 4 Julai 1980 uliompa Makamu Mkuu wa Chuo uwezo wa kutoa vibali vya utafiti kwa wafanyakazi na wanafunzi wake kwa niaba ya serikali. Mwaka 1980! Kwa maana hiyo utaratibu wa kibali ni mkubwa kwa umri kuliko wengi wa wanafunzi wanaoutumia.

Sasa ifuate barua hiyo inavyosafiri. Inatoka chuoni inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka mkoani inashuka wilayani, kutoka wilayani kwa mkurugenzi, kutoka kwa mkurugenzi kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Zanzibar mwisho wa safari ni kwa sheha. Kila kituo kinaongeza muhuri wake. Siku mwanafunzi anapofika mlangoni kwa mama anayepepeta mchele, amefuatana na kiongozi, na karatasi yake ina mihuri mitano. Wewe ungekuwa huyo mama ungeona ombi au ungeona amri?

Haya siyasemi kwa kuhadithiwa. Nilipokuwa mwanafunzi huko nyumbani nilikwenda katika kijiji kimoja mkoani Tanga na karatasi zangu za namna hiyo. Mtendaji alikuwa mtu mwema na mchapakazi, akanikusanyia watu chini ya mwembe asubuhi na mapema, nami nikashukuru kwa kurahisishiwa kazi. Nikasoma maelezo yangu, nikamaliza kwa kusema hakuna anayelazimishwa. Mzee mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwanangu, asiyetaka unamwandika wapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaendelea kuuliza maswali yangu, wote wakajibu, hakuna hata mmoja aliyekataa. Niliandika kwa fahari kwamba mwitikio ulikuwa asilimia mia moja. Imenichukua miaka mingi kufahamu kwamba ile asilimia mia moja ndiyo iliyokuwa dalili ya ubaya wa kazi yangu.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, maswali ya usingizi na maswali ya mashamba hayaui mtu. Haya, tuende kwenye yanayoua. Mwaka 1996, kulipokuwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto. Watoto walioingizwa katika jaribio walikuwa 200, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine. Kumi na mmoja walifariki, na wengine wakabaki na ulemavu. Kampuni ilishikilia kwamba kilichoua ni homa yenyewe, na mwaka 2009 ilifikia suluhu na jimbo la Kano ya dola milioni 75 bila kukiri kosa. Lakini linalonihusu mimi hapa ni karatasi moja. Katika nyaraka za jaribio lile palikuwa na barua ya kibali kutoka kamati ya maadili ya hospitali. Baadaye ikabainika kwamba barua hiyo iliandikwa baada ya jaribio na kurudishwa tarehe nyuma, na kwamba wakati watoto wale wanapewa dawa hospitali haikuwa na kamati ya namna hiyo. Kwa hiyo kibali kilikuwepo, kizuri, cha maandishi. Waliokosekana ni watu wa kukitoa, na wazazi waliokuja baadaye kusema kwamba hawakuelezwa kuwa ni jaribio.

Malipo yake hayakuishia mahakamani. Mwaka 2003 Kano na majimbo mengine ya kaskazini yalisimamisha chanjo ya polio. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwemo, lakini kumbukumbu ya 1996 ilikuwamo pia, na ugonjwa ukatoka hapo ukasambaa nchi nyingine. Mtafiti mmoja anapoharibu, anayekuja nyuma yake na dawa ya kweli ndiye anayefungiwa mlango.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusijione tuko mbali na Kano. Nani kati yetu hakutishwa na mumiani utotoni? Hadithi za watu wanaovizia damu za watu zilitembea Pwani na bara tangu enzi za mkoloni, pengine wakiitwa mumiani, pengine wazimamoto. Msomi atacheka aseme ni ujinga. Mimi nasema ni ukumbusho wa watu waliozoea kuchukuliwa vitu bila kuulizwa. Na kwa Mswahili wa Pwani ya Kenya, ambako sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha wengi wakiwa wageni katika mashamba ya babu zao, karatasi ya kutia saini au dole gumba ni kitu cha kuogopwa kuliko hata sindano. Mwanafunzi anayekwenda huko na fomu ya kurasa nne ana haki ya kuyajua hayo kabla hajapanda basi. Nani amfundishe kama si chuo chake?

Pana mahali walipojifunza kwa taabu. Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza 1989, uchunguzi uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliokubali watoto wao waingizwe katika utafiti hawakutofautisha utafiti na matibabu. Kwao, kituo ni hospitali, na mwenye koti jeupe ni daktari. Kumbuka kwamba wazazi hao walikuwa wametia saini. Kilichonipendeza ni kwamba jambo hilo lilitangazwa na watafiti wa kituo hicho wenyewe, hawakulificha kabatini. Miaka iliyofuata wakajenga utaratibu wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini, wasio waajiriwa wa kituo, wanaoelezwa utafiti kabla haujaanza na wanaorudisha maneno ya watu bila kuyatia sukari. Maelezo yakafanyiwa kazi kwa Kiswahili na Kigiriama. Ni kazi isiyokwisha, na malalamiko bado yapo, lakini matunda yake dunia inayajua. Watoto wa Kilifi, pamoja na wa Bagamoyo na Korogwe kwa upande wa Tanzania, walikuwa miongoni mwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba za Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi Oktoba 2021.

Sasa hao ni watu wa afya, na watu wa afya angalau wameamka. Muhimbili, yaani MUHAS, wameshirikiana na chuo cha Dartmouth cha Marekani kujenga mafunzo ya maadili ya utafiti. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa wengine. Mwanafunzi wa ualimu anayewahoji watoto wa darasa la tano mbele ya mwalimu mkuu. Wa uandishi wa habari anayerekodi simu. Wa biashara anayetuma maswali kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akakusanya majina, namba za simu na kipato cha kila mtu, kisha faili lote likalala kwenye kompyuta ya kuazima. Siku hizi huo si utovu wa adabu tu, ni sheria. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, hapa Emirates ipo ya 2021, Tanzania ikapitisha yake 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Ni wanafunzi wangapi wamewahi kuambiwa?

Basi elimu hiyo ijengwe vipi? Mimi si mtu wa ofisi hizo, lakini macho ninayo. Kwanza isifanywe ya kompyuta peke yake. Marekani wenyewe, ambako cheti cha kubonyeza kilianzia, taasisi yao ya taifa ya afya, NIH, ilitangaza mwaka 2009 kwamba wanafunzi na watafiti inaowafadhili kwa mafunzo wapate angalau saa 8 za mafunzo, yarudiwe angalau kila baada ya miaka minne, na kwamba mafunzo ya mtandaoni peke yake hayatoshi. Mtu na mtu, mezani, wajadiliane. Sisi ndio kwanza tunanunua kile ambacho wenzetu wameshakiona hakitoshi.

Pili, na hili nalisisitiza kuliko yote, ifundishwe kwa Kiswahili. Utafiti utaandikwa kwa Kiingereza, sawa, na cheti kiwe cha Kiingereza. Lakini ile dakika ya mlangoni, ambayo kila kitu kinaitegemea, inatokea kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama, au Kisukuma, na mwanafunzi hajawahi kuifanyia mazoezi hata siku moja. Anaachiwa yeye na rafiki yake watafsiri fomu usiku wa kuamkia safari. Chuo kina Idara ya Kiswahili ghorofa ya pili na kamati ya maadili ghorofa ya tatu, na hawajawahi kunywa chai pamoja! Wakae watengeneze maneno. Kisha mwanafunzi asimame mbele ya mpishi wa kantini, au mlinzi wa geti, amweleze utafiti wake kwa dakika tano, na mpishi ndiye aseme kama ameelewa. Naye mpishi alipwe kwa muda wake.

Tatu, wasimamizi waingie darasani pamoja na wanafunzi. Mwanafunzi hufanya alichoona mwalimu wake akifanya. Profesa anayetia jina lake kwenye makala asiyoisoma hawezi kumfundisha mtu uaminifu, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Na hapa niseme la upande wa pili, maana najua wanafunzi watanilaani. Sitaki mihuri iongezwe. Mwanafunzi aliyepewa miezi minne ya kukusanya habari akakaa mitatu akisubiri kamati ambayo haikutimiza akidi, na ada ya kupitiwa maombi ameilipa kutoka mfukoni, ataishia kujaza dodoso yeye mwenyewe chini ya mti. Tunajua wanaofanya hivyo. Kamati nyingi ni mwalimu mmoja aliyeongezewa kazi juu ya vipindi vyake, hana karani, hana nauli ya kwenda kuona kinachofanyika huko vijijini. Chuo kinachotaka elimu hii kwa dhati kiajiri watu na kiwape bajeti, halafu kipunguze karatasi. Nusu ya safari ya ile barua ingefutwa, na nguvu zikahamishiwa darasani.

Sisi wa ughaibuni tuna sehemu yetu. Wako wenzetu Minnesota, London, Muscat na hapa Dubai wanaofanya kazi kwenye hospitali na vyuo vyenye ofisi za utafiti, wanaojua faili linapita wapi na linakwama wapi. Wakija likizo huitwa kutoa nasaha kwa vijana juu ya kupata viza. Waitwe pia wakae na kamati za vyuo kwa wiki moja. Tena wapo wengi wanaojua Kiswahili kizuri, hasa wazee wa asili ya Unguja waliohamia Ghuba baada ya 1964, ambao ukiwapa fomu ya ridhaa watakurudishia lugha inayoeleweka na bibi yeyote.

Ndivyo tulivyofanya sisi. Tulimwita mama mmoja jirani, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, tukakaa naye jioni tatu. Zile kurasa nne zikawa moja na nusu. Zinaanza hivi: "Mimi ni mwanafunzi. Si daktari, si polisi, si mtu wa ubalozi, na sikutumwa na tajiri wako. Nataka kukuuliza juu ya usingizi na afya yako. Ukikataa, hakuna atakayejua ila mimi na wewe." Neno adhabu limetoka. Neno siri limetoka, mahali pake tumesema kwamba jina lake halitaandikwa popote.

Mpwa wangu alirudi kwa kamati ya chuo chake kuomba abadilishe namna ya kuwapata washiriki. Ikamgharimu wiki sita na machozi kidogo. Sasa hapiti tena kwa wenye nyumba. Sheria ya wafanyakazi wa ndani ya 2022 hapa Emirates inawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki, basi huwafuata huko wanakokutana wenyewe siku hiyo.

Siku ya kwanza alinipigia simu jioni. "Mjomba, yule dada wa mwanzo amenisikiliza mpaka mwisho, halafu amesema hataki."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ahsante dada, nikafunga daftari. Akanikaribisha chapati."